Kufuli la Ashura

Mkaguzi kaja zahanati ya Miono na sharti jipya: kufuli la namba la kabati la dawa lisiwe na namba ambayo hata mume wa mtu anaweza kuibahatisha. Akamwita Pazi, dereva wa zahanati, ajaribu kufuli la mkewe Ashura, muuguzi mtunza dawa.

Likifunguka, Ashura ananyang'anywa kabati. Hata hivyo alikuwa anaomba Mungu lifunguke, maana namba ile ni siku waliyomzika mtoto wao.

Pazi akajaribu tarehe ya harusi. Wapi. Akafuta jasho la vidole kwenye suruali, akajaribu siku aliyopata leseni.

"Mke wangu msiri huyu, mzee," akasema, anacheka.

"Hongera, mama," mkaguzi akamwambia Ashura. "Namba hii hakuna wa kuikumbuka ila wewe."