Kiwanja cha Mfalme

"Soma tena, waitu," Rugaibula aliomba kwa heshima. "Pale pa bendera."

Watu wakacheka. Dukani kwa Burhani, pale Nshamba, mkungu Karugendo, mkuu wa kijiji, hakuhitaji kubembelezwa. Gazeti lake, miwani yake, kijiji chake. Akasoma tena, taratibu, ili kijana aumie vizuri.

Wiki ya tano sasa watu walikuwa wanatoana jasho humo gazetini. Mmoja, anajiita Mwana wa Hamugembe, aliuliza kwa nini kila Mei watoto wetu wasimame juani kuiimbia bendera ya Mwingereza, eti Sikukuu ya Dola. Mwingine, Mpenda Dola, alikuwa anamjibu. Na huyu wa pili, jamani, maneno anayo! "Sisi wenye shukrani." "Nani huyo asiye na haya?" Ukimsoma unajiona mwizi na hujaiba kitu.

"Huyu ndiye mtu!" Karugendo akapiga meza. "Na yule mwingine tunamjua. Hamugembe ni jina tu la kujifichia. Yuko hapa hapa, amefumbata mikono."

Macho yote kwa Rugaibula. Hakubisha.

Sababu ilijulikana. Mwaka uliopita Karugendo alifyeka kibanja cha marehemu Gamaliel, baba yake Rugaibula, migomba yote, apate uwanja wa gwaride la sikukuu. Na Wahaya tunazika ndani ya kibanja. Watoto wa shule walimkanyaga mzee, kushoto, kulia, wakiimba. Karugendo akapewa kanzu mpya. Mjane, Kokushubila, tangu siku ile hakupita tena barabara ya uwanja huo.

Watu walipotoka, Rugaibula akaomba stempu.

"Nyingine?" Burhani akashusha sauti. "Kijana, utafungwa wewe."

"Nipe mbili."

Wiki iliyofuata Mpenda Dola aliwaka kweli kweli. Kiwanja cha Nshamba, aliandika, ni kidogo, kina mteremko, ni aibu kwa Mfalme. Mkungu mwaminifu mwenye kibanja tambarare kando ya barabara hangoji kuombwa. Anatoa. Anayesita, huyo na Mwana wa Hamugembe ni damu moja.

Karugendo aliisoma barua yote pale dukani kwa mbwembwe, maana siku hiyo alikuwa na mgeni: Bwana DC, amekuja kukagua matayarisho. Mzungu huyo Kiswahili alikijua. Akapiga makofi. Halafu akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye migomba minene iliyosimama mahali palipolala sawa kama mkeka.

"Kile kibanja cha nani?"

Karugendo akavua miwani.

"Changu, Bwana. Ila... baba yangu amelala humo. Na babu."

"Soma tena, waitu," Rugaibula akasema kwa upole. "Pale pa anayesita."

Mkungu akalikunja gazeti. Watu wanamtazama, Bwana DC anamtazama.

"Nakitoa," akasema.

Jumatatu mapanga yakaingia. Kokushubila alikuja barabarani, akasimama na mwanawe, wakatazama mpaka mgomba wa mwisho.

"Basi, mwanangu," akasema. "Twende nyumbani."

Nyumbani Rugaibula alitoa ile stempu iliyobaki, akaandika barua kwa mhariri kumpongeza mkungu Karugendo kwa moyo wake wa kutoa. Akaisoma mara mbili. Kisha chini, kama kawaida yake, akatia sahihi: Mpenda Dola.