Bungala na Uzao wa Meno

Mpaka leo haijulikani ni nani aliyemwambia Bungala, askari wa mchwa, kwamba yeye ni wa damu bora. Hata kibarua Somoe, mlezi wa watoto, hakujua, naye ndiye aliyemtafunia kila tonge, maana meno marefu ya askari yalijua kuuma tu.

"Dada, vibarua ni uzao duni," alisema Bungala. "Kuanzia leo utulelee askari watupu."

"Mama yetu ni mmoja, kaka. Kila yai lina maagizo yote ya kukua, ya askari na ya kibarua. Mimi huamsha ya meno au ya kazi, mengine nikayalaza."

"Basi amsha ya meno!"

Somoe akayatazama meno yenyewe, akatii. Vibarua wazee wakafa mmoja mmoja, kichuguu kikajaa mashujaa. Siafu hawakuthubutu kusogea. Lakini mashujaa wote waliachama wakingoja kutafuniwa, na mtafunaji alibaki Somoe peke yake.

"Dada, tunakufa," Bungala alinong'ona.

"Tena kishujaa, kaka."

Ikaamuliwa, Bungala akiwa wa kwanza kuunga mkono, kwamba watoto waliosalia waamshiwe kazi, na walishwe kabla ya askari. Aliyetekeleza ni Somoe, bila haraka yoyote.