Mashine Isiyosumbua

"Unataka tena kuzima mashine?" Mkuu wa matengenezo alibetua midomo. "Kila wiki wewe na kuzima. Umeajiriwa kufungasha sabuni au kuziombea mashine likizo?"

Fundi alisimama mbele ya meza, grisi imemganda kwenye kucha. Kwa mashine zake mbili za kufungashia alikuwa ameomba mikanda mipya, visu vya kukatia pakiti na nusu siku ya kusafisha.

"Bosi, tusipozihudumia zitatufia."

"Mbona ya tatu haifi?"

"Ya tatu, bosi..."

"Kimya!"

Kwenye kochi, mwenye kiwanda alikuwa akisikiliza. Mama huyo alikuwa ametoka safari ndefu, na mkuu alitaka aone jinsi yeye anavyoongoza.

Mashine namba tatu ilikuwa kipenzi cha mkuu. Si kwa sababu aliyekabidhiwa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, hata kidogo. Ni kwa sababu tangu iletwe haijaomba tone la mafuta. Haijakwama, haijakata mkanda. Shemeji anakuja kazini na shati jeupe na kuondoka nalo jeupe vilevile, wakati huyu mwingine ananuka kama gereji. Mkuu mwenyewe hakuwa amekanyaga chumba cha mashine mwaka mzima. Kelele zilimuumiza kichwa na vumbi la sabuni halikupatana na suti zake. Kwani mtu mwenye akili ana haja gani ya kwenda kutazama kitu kisicholalamika?

"Kuanzia kesho, mashine zote zitafuata ratiba ya namba tatu," alitangaza. "Hakuna kuzima. Na wewe, weka funguo za karakana hapa mezani, uende zako. Atazichukua shemeji, anayejua kazi."

Fundi alilengwalengwa na machozi. Ana watoto wanne, mkuu alilijua hilo, na alimwangalia akizitoa funguo mfukoni kama anayeangalia sinema.

Mwenye kiwanda akaziwahi kabla hazijafika mezani. "Hiyo ya tatu, nataka kuiona."

"Nitakupeleka mwenyewe, mama!"

Mkuu alitangulia, kifua mbele. Wakazipita mashine mbili zinazokohoa, wakafika kona ya mwisho.

Shemeji alikuwa amelala chali, anakoroma, juu ya sanduku kubwa la mbao ambalo halijang'olewa hata msumari mmoja, ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu: MASHINE NA. 3.

Mama akamrudishia fundi funguo.