Digidigi na Antivirusi Tatu

Si kale sana, Digidigi, ambaye jani likianguka yeye keshakimbia, alinunua kompyuta ya kuchezea gemu. Rafiki yake Nguchiro, fundi kompyuta wa mtaa, akamwekea nywila na antivirusi moja ya kuzuia wezi, akamwambia, "Inatosha, ndugu yangu. Usiongeze kitu."

"Na hiyo ikisinzia?" Digidigi akawaza. Fundi alipoondoka, akaongeza ya pili ilinde ya kwanza, kisha ya tatu izilinde zote mbili.

Jumamosi ilikuwa fainali ya mashindano ya gemu, yeye dhidi ya Komba. Digidigi akawasha kompyuta. Antivirusi ya kwanza ikaiona ya pili ikipekua mafaili, ikadhani ni mwizi, ikaikamata. Ya tatu ikazikamata zote mbili. Skrini ikaganda, gemu ikagoma kufunguka, na Komba akapewa kombe bila kutoa jasho.

Nguchiro akaitwa, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Lakini kaka," Digidigi akajitetea, "hakuna mwizi hata mmoja aliyeingia humu."

"Ni kweli," Nguchiro akasema, huku akizifuta zile mbili. "Hata wewe hukuingia."