Dakika Arobaini na Tano

Karani aliwapandisha abiria kwenye mizani kwa mara ya pili, mmoja mmoja, pamoja na mizigo yao, kama vile kungoja kunanenepesha. Mwenye shati la kijani hakuitwa. Alibaki kwenye benchi, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Ndege si ile pale nje?" fundi magari aliuliza. "Tangu jana tunaitazama kama picha ya ukutani."

"Rubani hajawa tayari," karani alijibu, akaingia ofisini na kufunga mlango.

"Hajawa tayari! Kwani yeye bibi harusi?"

Watu walicheka, isipokuwa mama mshonaji. Alikuwa ameketi karibu na mwenye shati la kijani, simu mkononi. Mwanawe alikuwa hospitali, ng'ambo ya milima. Angepasuliwa tumbo saa tisa, na damu ya aina yake kule ilikuwa imekwisha. Ya mama ilifanana.

"Kwa barabara ni siku mbili, na daraja limekatika," alisema. "Kwa ndege ni mbali, kaka?"

"Kilomita mia mbili na kumi. Dakika arobaini na tano. Upepo ukiwa wa mbele, hamsini na tano."

"Kumbe ni hapo tu!"

"Ni hapo tu, dada."

"Tukiondoka saa saba nitawahi?"

"Hata saa saba na nusu."

Fundi magari alizunguka chumbani. Mlango wa uwanjani ulikuwa na kufuli, dirisha lilikuwa na nondo, na feni ilisukuma joto lile lile kutoka kona hadi kona.

"Nasikia rubani wetu ndiye yule aliyeitia ndege vichakani mwaka jana," alisema. "Wawili wakazikwa, yeye hata mkwaruzo hana. Sasa hivi yuko hotelini, miguu juu, anakula maisha. Ningemwona ningemtia adabu."

"Hata mkwaruzo hana," mwenye shati la kijani alirudia.

"Muogope Mungu," mama alimwambia fundi. "Huenda mwenzio anaumwa."

Ikafika saa sita. Ikafika saa sita na nusu. Mama alianza kulia bila sauti, akamshika jirani yake mkono. Vidole vyake vikaung'ang'ania wake.

"Nawe unaogopa kuruka, kaka?"

"Sana."

"Basi tukae pamoja humo ndani. Tutashikana hivi hivi."

Aliigeukia ndege nje ya dirisha.

Saa saba na robo karani alitoka ofisini. Fundi magari alifungua mdomo, lakini karani alimpita. Akachuchumaa mbele ya benchi na kusema kwa sauti ya chini, ambayo chumba kizima kiliisikia:

"Kapteni, mafuta yamejaa na anga ni safi. Nauliza mara ya mwisho. Unairusha, au niwaambie hawa warudi makwao?"

Mama mshonaji hakuuachia ule mkono. Aliukaza.