Mikono Iliyofika Leo

Mikono miwili ya chuma, iliyovikwa mpira na kufungwa mbele ya foklifti, ililikumbatia gurudumu la ndege na kulinyanyua polepole. Fundi aliitazama asihisi kitu, hata hasira.

Miaka saba yeye na wenzake waliiomba mikono ile. Miaka saba wakajibiwa kwamba Mungu amewapa mabega. Wiki mbili zilizopita gurudumu kama hilo lilimwangukia shemeji yake, fundi mwenzake, likamsaga nyonga.

"Sasa kazi mteremko, mzee," msimamizi alisema, akimpa karatasi na kalamu. "Tia sahihi kwamba mliipokea Januari."

"Januari tulikuwa tunasukuma kwa vifua."

"Karatasi tu hiyo, mzee wangu. Shemeji yako ndiye aliyejifanya jabali, akaiacha mashine."

Kumbe ndiko walikokuwa wanaelekea: aliyelazwa hospitali awe ndiye mkosaji.

Fundi alipapasa mkono mmoja wa foklifti. Utando wa plastiki wa kiwandani ulikuwa bado umeung'ang'ania mpira. Akaubandua taratibu, kama mtu anayetoa ganda la kidonda.

Kisha akaikata Januari kwa mstari, akaandika tarehe ya leo, akatia sahihi.

Msimamizi alinyoosha mkono kuichukua karatasi. Fundi hakuiachia.