Kitambaa cha Kufutia Mashine

Pigo la kwanza lilivunja kioo cha mashine. La pili lilimpata mpimaji.

Mpishi wa hospitali alikuwa ameingia chumba cha ultrasaundi na aproni yake ya jikoni, mchi mkononi, akasukuma komeo. Mkewe alizikwa jana. Alilazwa kwa upasuaji mdogo tu wa tumbo, na kila asubuhi akawa analetwa humu kutazamwa ndani. Kidonda kilikuwa kinakauka vizuri. Kisha wadudu wakaingia kwenye damu, homa ikamla mpaka ikammaliza. Wengine wawili waliopimwa kwenye kitanda kile kile walikuwa mahututi.

Na mpimaji ni nani? Kaka wa marehemu, tumbo moja.

"Simama, shemeji."

Mpimaji alijaribu. Mchi ukamshukia begani, mfupa ukalia, akarudi sakafuni.

"Shemeji, tulia kwanza."

"Nitulie?" Mpishi alimkanyaga shingo. "Dada yako ameoza akiwa hai. Harufu yake bado ninayo puani. Wadudu wale walitoka wapi?"

Mpimaji aligeuza macho kwenye meza tupu. Jana watu wa maabara walisomba kila kitu kwenda kukipima: vitambaa, chupa za jeli ya kupaka tumboni, hata beseni la maji ya kuzipasha moto. Kiatu kilizidi kumkaba.

"Sikufuta," alisema.

"Hukufuta nini?"

"Kichwa cha mashine, kile ninachompitishia mgonjwa tumboni. Natakiwa kukifuta kwa dawa kila mtu akishuka kitandani. Foleni ilikuwa ndefu. Sikufuta."

Mpishi alicheka, na kicheko chenyewe kilitisha kuliko mchi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Ulimpima kwa mkono gani?"

Mpimaji akautandaza mkono wa kulia sakafuni, yeye mwenyewe, bila kulazimishwa. Mchi ukashuka. Ukashuka tena, na tena, mpaka vidole vikapoteza umbo na damu ikatapakaa hadi kwenye miguu ya kitanda. Alipiga ukelele mmoja, kisha akaung'ata ukosi wa koti lake akatulia kama anayenyolewa.

Walinzi walivunja mlango. Wakamrukia mpishi, wakamgandamiza ukutani, wakampiga mpaka mchi ukamtoka. Muuguzi mkuu alipiga magoti kwenye damu akaanza kuufunga ule mkono kwa shuka.

"Nimekusikia kutoka nje," alinong'ona, na alikuwa na hasira kweli. "Unajisingizia nini? Maabara wametoka kunipigia sasa hivi. Kichwa cha mashine kilikuwa safi, na vitambaa vyako vina dawa tele. Wadudu wamejaa kwenye maji ya lile beseni. Chupa za jeli zilikuwa zinashinda humo zimelowa, ukizitoa unawapaka wagonjwa na wadudu."

"Najua, sista. Jana walipolibeba niliyagusa yale maji. Yalikuwa yanateleza."

"Unajua, na bado unakubali kufukuzwa kazi? Kufungwa?"

"Usimwambie shemeji. Nakuomba."

"Kwa nini nisimwambie?"

Mpimaji alifumba macho.

Walinzi walikuwa wanamburuta mpishi nje. Alishika ubao wa mlango, akageuka, damu na machozi vikimchuruzika kidevuni.

"Mimi ni mpishi tu," alisema. "Lakini kila asubuhi nilimletea mke wangu beseni la maji ya moto kutoka jikoni, jeli isimshtue kwa baridi. Wewe, kaka yake, kitambaa tu kilikushinda."